Pete ya Nne

Harufu ya turubai lililolowa ndiyo inayonirudisha. Naipata hata leo nikipita sokoni Mpanda wakati wa masika, pale wauza mitumba wanapofunika mizigo yao haraka haraka na mvua ikashinda ikinyesha juu yake. Ni harufu nzito, ya ukungu na mafuta ya taa kwa mbali, kama nguo iliyosahauliwa ndani ya sanduku la mtu aliyehama. Wengine huziba pua na kupita. Mimi husimama. Najikuta nahesabu chochote kilicho mbele yangu, nguzo za banda, ndoo, miavuli, na nikimaliza narudia, kisha narudia tena, kwa kuwa mara moja haijawahi kunitosha. Tabia hiyo niliianza nikiwa na miaka tisa, katika kambi ya wageni ndani ya hifadhi ya Katavi, katika msimu ambao hakuna mgeni anayekuja.

Watu wa mbali huijua nchi yetu kwa kiangazi. Huja wakati nyasi zimekauka hadi kuwa na rangi ya mkate, viboko wamebanana kwenye madimbwi ya mwisho, na angani hakuna hata wingu. Hiyo ndiyo likizo kwao. Kalenda iliyotundikwa kwenye stoo ya kambi ilikuwa hivyo kuanzia Januari hadi Desemba: jua, vumbi, mwanamke wa Kizungu mwenye kofia pana anacheka. Hata ukurasa wa Machi ulikuwa na jua. Nilikuwa nikisimama mbele ya ukurasa ule huku mvua inapiga bati kiasi cha kutomsikia mama aliyekuwa hatua tatu kutoka kwangu, nikaamini kabisa kwamba kalenda ile ni ya nchi nyingine. Baba yangu alikuwa mlinzi wa masika. Wageni wakishaondoka, wapishi wakaondoka, mahema yakashushwa na kukunjwa, yeye hubaki peke yake hadi mvua ziishe, akilinda vitanda, sahani na taa. Sisi tulikuwa tukiishi Nsemulwa, palepale Mpanda mjini, na tulikuwa tukisikia sauti yake mara moja kwa juma, kwenye redio ya mawasiliano katika ofisi ya kampuni. Mwaka ule, siku moja, mama alitoka pale ofisini akanishika mkono. Tulipofika nyumbani aliniambia, “Baba yako anaongea kama mtu aliye na watu.” Likizo ya Pasaka ilipofika, tukaenda kumtazama. Tuliazimia kukaa wiki moja.

Tulipelekwa na Festo, kijana aliyekuwa dereva wa kampuni na pia ndiye aliyekaa kwenye redio pale ofisini, kwa sababu wakati wa masika kazi zote mbili zilikuwa ndogo. Festo alikuwa na utani usiokwisha. Alimwita mama “shemeji” ingawa hawakuwa na undugu wowote, na kila tulipokwama kwenye ule udongo mweusi wa mbugani, unaonasa tairi kama ugali unavyonasa mwiko, alishuka akiimba. Tulikwama mara nne. Nilihesabu. Mama alikuwa amepakata kikapu cha dagaa wa Ikola aliomnunulia baba, hakutaka kukiweka chini, na gari zima likawa linanuka ziwa. Kisha tukafika kwenye kijito kilicho mbele ya kambi. Kina jina lake, lakini sisi tulikiita Mto, maana hapakuwa na mwingine wa kutuhusu. Kivuko kilikuwa chini ya maji. Festo aliingia taratibu, maji yakapanda, yakaanza kuingia chini ya milango na kuzunguka miguu yangu, baridi na mekundu. Tulipofika katikati, kitu kikagonga tumbo la gari kutoka chini. Mara moja, kisha mbili, kisha tatu, kwa mapigo yaliyoachana sawasawa.

“Gogo hilo,” Festo akasema.

“Magogo yanapiga hodi?” mama akauliza.

Tangu hapo hadi kambini Festo hakuimba tena. Mimi nilikuwa nimenyanyua miguu juu ya kiti. Nilijiambia kwamba kile kitu kimetuhesabu, watu watatu, hodi tatu, na kwamba tukirudi kupita pale kitatuhesabu tena. Najua ni mawazo ya mtoto. Lakini wakati ninaandika haya nimekunja miguu.

Kambi yenyewe ilikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wametoka kidogo tu. Mahema yalikuwa yameshushwa, lakini majukwaa ya mbao yaliyoyabeba yalibaki, kumi kwa mstari, kila moja na ngazi zake za kupanda mahali ambapo hapakuwa na mlango. Juu ya kila jukwaa palisimama sinki la kunawia na kioo chake, na vioo vyote vilikuwa vikitazama mvua. Ndani ya stoo vitanda vilipangwa vikiwa vimefunikwa mashuka meupe. Nyasi zilikuwa zimepanda hadi kunizidi kimo, na ndani yake usingeona kitu, ila ungesikia kitu kizito kikipumua, kikitafuna, kikinyamaza. Masika viboko hawakai madimbwini, huzagaa popote. Tulilala kwenye chumba cha wapishi, chenye ukuta wa tofali, na baba alituwekea sheria moja: bila yeye na panga lake, hakuna mtu kwenda kwenye majukwaa.

Alifurahi kutuona, hilo sitaki lipotee katika maelezo haya. Alinibeba juu, akamcheka mama na kikapu chake, akala dagaa kama mtu aliyefungwa. Lakini alikuwa amekonda, na macho yake ya mbali yalikuwa yamekwisha. Siku ya pili tu akanipa kazi. Kando ya kivuko alikuwa amesimamisha nguzo na kuichora pete nane, nyekundu na nyeupe kwa kupokezana, kila pete shibiri moja. Miaka iliyopita alikuwa akishuka hadi kwenye nguzo na kuitazama kwa karibu. Mwaka ule njia ya kwenda huko ilikuwa imezama, nguzo ilibidi isomwe kutoka jukwaa la kumi, na yeye kutoka pale aliona ukungu tu. Hivyo mimi ndiye niliyesimama pale kila asubuhi, yeye akiwa nyuma yangu na panga, nikahesabu pete zilizobaki juu ya maji na kuzitoa katika nane. Kisha tulikimbilia redioni, kwa sababu saa moja kamili Festo, aliyerudi mjini siku ileile ya kutuleta, alikuwa akiita.

“Kambi, kambi, mnanisoma? Mto umeamkaje?”

Ndivyo walivyosalimiana miaka yote, wala hawakuulizana habari za watu kabla ya habari za mto. Pete tatu kushuka chini, gari linavuka. Pete nne kupanda juu, halivuki hata liwe la nani.

“Umeamka pete nne,” nilijibu siku ya kwanza.

“Haa! Leo tuna karani! Karani, huo mto wako umepiga mswaki?”

Tangu siku hiyo baba naye akaniita Karani. Nilipewa daftari la mistari na kalamu ya wino, na sijawahi kupenda kitu kama nilivyolipenda daftari lile. Kushoto siku, kulia namba. Nilijiwekea sharti kwamba hakuna kufuta. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa na kunakili upya kurasa zote za nyuma, hadi mama akaninyang'anya taa. Sikufundishwa na mtu kuandika kwa namna hiyo, na hata leo hakuna aliyenifundisha hiki ninachokifanya. Nilijifunza kwa kunakili namba za maji.

Wiki ikaisha, mto haukushuka. Ukaenda pete tano, sita, ukarudi tano. Shule ikafunguliwa bila mimi. Ndipo nikaanza kuona kile mama alichokuwa amekisikia redioni. Baba aliamka alfajiri na kufagia majukwaa yote kumi, yaliyokuwa yakioshwa na mvua muda huohuo. Saa sita mchana aligonga kengele ya chakula, kengele kubwa ya shaba iliyokuwa ikiita wageni, na sauti yake ilikwenda juu ya nyasi, ikafika mahali ikakatika ghafla, kana kwamba mtu ameishika kwa mkono. Alitandika meza ndefu ya wageni kwenye banda la kulia. Mwanzoni mama alimtania.

“Leo wageni wako hawali?”

“Wamechelewa tu,” baba akajibu huku akinyoosha kitambaa. “Mvua.”

Hakuwa akitania. Mama alinitazama, nami nikatazama chini. Siku nyingine nilitaka kukaa kwenye kiti cha turubai kilichokuwa mwisho wa meza, baba akanishika bega kwa upole kabisa. “Karani, hapo pana mtu.” Kiti kilikuwa kitupu. Lakini turubai lake lilikuwa limebonyea katikati, kama linavyobonyea mtu akikaa, na ndani ya lile bonde palikuwa na maji kidogo, yanatikisika. Nimejieleza mara nyingi kwamba paa lilikuwa linavuja. Lilikuwa linavuja kweli. Ila halikuvuja juu ya kile kiti; siku iliyofuata, mvua ikinyesha, nilisimama palepale kwa muda mrefu, na hakuna tone lililonigusa.

Kisha likatokea la nguzo. Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona hata jukwaa la tisa nikiwa kwenye la kumi. Nilisubiri, nikakodoa macho, na saa moja ikawa inakaribia. Mtu mwingine angesema tu, leo haionekani. Mimi sikuweza. Daftari lilikuwa halina pengo hata moja, na pengo lingeniuma kuliko jipu. Nikasema pete sita. Nikaandika sita, kwa mwandiko mzuri. Ukungu ulipoinuka baadaye nilitoroka kwenda kutazama, na zilikuwa sita. Siku mbili baadaye ukungu ukarudi, nikasema tano, na ulipoinuka zilikuwa tano. Hapo nikaacha kuona kwamba nauandika mto. Niliona kwamba ninachoandika ndicho mto unachokuja kukitimiza. Sikumwambia mtu. Nilianza tu kuishika kalamu kwa uangalifu zaidi, kama mtu aliyeshika kisu cha mwenzake.

Wiki ya nne Festo aliita, na kabla ya kuuliza mto umeamkaje aliuliza kama mama yupo karibu. Hapo tukajua kuna jambo. Bibi, mama yake mama, aliyekuwa akiishi peke yake Mishamo tangu enzi za makazi ya wakimbizi wa Burundi, alikuwa ameanguka shambani. Alikuwa hai. Alikuwa hasemi vizuri, lakini jina alilokuwa akilitaja ni la mama, lile la utotoni ambalo hata mimi nilikuwa silijui.

“Shemeji, mto ukifika pete tatu, nakuja siku hiyohiyo,” Festo akasema. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. “Nyie nipeni tatu tu.”

Mama alifunga mizigo papo hapo, yetu wote watatu. Mchana ule, baba akiwa anatandika meza, alimwambia kwamba gari likija tutaondoka pamoja naye. Baba alishangaa kama mtu aliyeambiwa aache mtoto sokoni. “Na wageni niwaache na nani?” Mama akamshika mkono, akamwita kwa jina lake, siyo baba Editha, kwa jina langu, kama kawaida, akamwambia hakuna wageni. Baba akamkazia macho, kisha akapunguza sauti: “Wanakusikia.” Mama akatoka akaenda kusimama mvuani. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka. Nilielewa nusu tu ya jambo, kwamba anamtaka mama yake. Nusu ya pili sikuielewa hadi nilipokuwa mtu mzima.

Mvua ikapungua. Asubuhi ya siku ya pili baada ya taarifa ile, jua lilitoka kidogo, hewa ikawa safi, na nguzo ilionekana wazi kama kidole. Nilihesabu pete zilizo juu ya maji: tano. Nane kutoa tano. Nilirudia mara tatu. Tatu, tatu, tatu. Na hapohapo nikasikia chini ya miguu yangu zile hodi za siku ya kuja, zilizoachana sawasawa. Nikaona gari katikati ya maji, maji yakipanda kwenye milango, na sisi ndani tukihesabiwa. Nikawaza kwamba nikisema tatu, mto utatii, tutaingia, na tukiwa katikati utaacha kutii. Nikajiambia naongeza pete moja tu, ya tahadhari, kesho nitaitoa. Mama alikuwa amesimama nyuma ya baba, amejifunika kanga kichwani.

“Ngapi, Karani?” baba akauliza.

“Nne.”

 Mama akaja karibu yangu, akautazama mto, akanitazama mimi.

“Umehesabu vizuri, mwana wanje?” Yaani mwanangu; aliingiza Kirundi cha kwao pale tu moyo wake ulipokuwa karibu.

“Ndiyo, mama.”

“Mara tatu?”

“Mara tatu.”

“Basi nenda kaseme.”

Nikaenda nikasema. Redio ikakoroma, Festo akasema, “Sawa, Karani, kesho basi.” Niliandika nne. Ndiyo namba nzuri kuliko zote katika daftari lile, imenyooka kama ya kuchapwa. Kesho yake maji yalikuwa palepale, pete tano juu, jua limetoka, na nikasema nne tena, kwa sababu kusema tatu siku ile kungemfanya mtu aulize kuhusu jana. Hivyo ndivyo uongo wangu ulivyopata siku ya pili. Asubuhi ya tatu, kabla hata hatujaenda jukwaani, redio iliita mapema. Bibi alikuwa amefariki alfajiri. Wangemzika mchana, maana hakuna aliyejua mto wetu ungefunguka lini.

Mama alikaa chini kwenye mbao, akalia kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, akizungumza na mtu aliyekuwa mbele yake. Baba alikwenda kumchukulia kiti. Alichukua kile cha mwisho wa meza, akakiinamia kwanza, akanong'ona kitu, akasubiri, kisha ndipo akakibeba. Mimi nilikimbilia jukwaa la kumi peke yangu. Nilitaka kuiona nguzo, nilitaka iwe nne, nilitaka nisiwe nimefanya nilichokifanya. Mvua ilikuwa imenyesha mahali fulani juu kabisa, ambako sisi hatukuiona, na maji yalikuwa yanapanda mbele ya macho yangu bila sauti, mekundu, laini. Pete ya tatu ilikuwa imezama. Ya nne ilizama nikiitazama. Alama ya tope iliyoonyesha mto ulilala wapi siku zile mbili ilikuwa sasa chini kabisa, ambapo hakuna jicho lingeifikia. Mto ulikuwa umenifichia. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyouogopa wema ule.

Tuliondoka wiki mbili baadaye, kwa pete mbili. Festo alifika amebeba mikate, akaikuta meza imetandikwa kwa watu wanane, na baba amesimama pembeni na kitambaa mkononi. Niliona Festo anaelewa. Hakucheka. Alinawa, akaketi, akala, akashukuru kushoto na kulia. Kisha akamwambia baba, kwa heshima, “Mzee, wageni wanasema wamechoka na mvua. Wanataka kwenda Mpanda, na wanataka uwasindikize wewe.” Baba alifikiri, akaitika. Alifunga stoo, akawafungulia wageni wake mlango wa mbele wa gari, akangoja waingie, akaufunga taratibu. Kiti cha mbele kikaenda kitupu hadi mjini, na sisi tukabanana nyuma. Tulipofika katikati ya kivuko nilinyanyua miguu. Hakuna kilichogonga. Baba alikaa hospitali, akalala usingizi mrefu, akapona; kiangazi kilipofika aliwacheka waliomsimulia. Kambini hakurudi.

Mishamo tulikuta kaburi limeanza kushuka. Wamama wa ukoo walimzunguka mama, na dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemuuguza bibi, akamuuliza mbele ya wote, bila kumsalimu sawasawa: “Hizo siku mbili alizokuwa anakutaja, mto wenu ulikuwa wapi?” Nilikuwa nimeshika kanga ya mama. Nilihisi kitambaa kinakaza. “Pete ya nne,” mama akasema. Hakunitazama. Dada yake hakujua pete ni nini, lakini namna mama alivyoitaja ilimnyamazisha.

Nimeishi na namba hiyo miaka kumi na saba. Naishi Nsemulwa na wazazi wangu, natunza hesabu za watu kwa kazi ndogo ndogo, na sipeleki karatasi yenye kosa kwa mtu hata nikikesha. Wateja wanasifu. Hawajui kinachoniendesha. Mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza, tukiwa jikoni tunachambua maharage, nilimwambia mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakatoka machache: mama, siku zile mbili mto ulikuwa pete tatu.

Hakuacha kuchambua. “Najua,” akasema. “Nilikuwa nyuma yako. Macho yangu hayakuwa na ubaya.”

Nikauliza kwa nini basi hakusema. Akatoa jiwe kwenye maharage, akaliweka pembeni. “Ningesema tatu, ningelazimika kwenda. Na baba yako asingetoka. Ningemwacha mule, na wale watu wake.” Aliinua macho. “Nilikuwa nimeshaamua kumdanganya baba yako kuhusu mto, nikawa sijui nitaanzaje. Ukatangulia wewe. Nikaona, mtoto kanisaidia. Nikakuacha ubebe.” Kisha akasema, “Hiyo ndiyo dhambi yangu. Ya kumwacha mama yangu ni nyingine.”

Watu husema ukikiri unapata wepesi. Mimi sikupata. Nilichopata ni kujua kwamba tulikuwa wawili tuliomwacha bibi akitaja jina, na kwamba kila mmoja alimtazama mwenzake kwa miaka yote hii akidhani analinda siri yake peke yake. Na bado sijui la hodi, la kiti, la namba zilizojitimiza. Siku hizi kuna lami hadi Sitalike, kwenye lango la hifadhi, watu wanapita wakiwa wamesinzia, na nasikia kwenye kile kijito wamejenga daraja la zege, wageni wanavuka hata mvua ikinyesha. Nguzo ya baba haipo. Baba mwenyewe ni mzima, analima mahindi yake, anabishana na majirani kuhusu mpira. Ila masika yakikaza, akimimina chai ya asubuhi, huweka kikombe kimoja cha ziada mwisho wa meza. Hatumuulizi. Mama hukiosha pamoja na vingine.

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilikuwa kibarazani natazama mtaro ulio mbele ya nyumba yetu ukijaa, na bila kujua nilikuwa nahesabu matofali ya ukingo yaliyobaki juu ya maji. Mama alikuwa ndani. Tangu tutoke kule kambini hakuwahi kulitamka lile neno la redioni, hakuna aliyewahi kulitamka katika nyumba hii. Nikasikia sauti yake kupitia dirishani, ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama kuni zimelowa.

“Karani. Mto umeamkaje?”

Matofali yaliyobaki yalikuwa matano. Nilihesabu mara moja, nikajizuia nisirudie.

“Pete tatu, mama.”

 Mvua ilikuwa inaendelea, na nilijua kwamba barabara ya Mishamo siku ile ingekuwa tope tupu, na kwamba tungekwama. Kisha nikasikia sanduku linavutwa kutoka chini ya kitanda.

“Basi vaa,” akasema. “Twende kwa mama.”